Kupatana na kukosana: Kiingereza cha chini na historia yetu ya Kasongo



Kuna jambo moja linawasumbua wengi wetu tuliomaliza chuo. Unapewa ripoti ya Kiingereza ya kurasa 30, unaisoma na unaelewa karibu yote, juu ya Kifaransa kinakusaidia: «tolérer» ni «tolerate», «respecter» ni «respect», «réconcilier» ni «reconcile». Kisha unakaa karibu na wageni wawili wanaongea juu ya wenzao wa kazi: nani anapatana na nani, nani amekosana na mkubwa wake. Maneno yote ni mafupi: get, fall, put, make, let. Yote uliyasoma kwa sekondari. Lakini maana hauioni. Unabaki tu unaangalia midomo.

Mimi nilisomea kilimo, sikusomea lugha. Lakini nimejaribu kutafuta jambo hili linatoka wapi, na nimeona jibu liko katika historia. Na kipande cha historia ile kilipita hapa kwetu, kati ya Kasongo na Nyangwe.

Tuanzie mbali. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Tangu pale, wafalme na wakubwa wa Uingereza waliongea Kifaransa, na watu wa shamba waliendelea na Kiingereza chao. Ilichukua karibu miaka 300. Ni mwaka 1362 njo ilitoka sheria ya kusema kesi zisemwe mahakamani kwa Kiingereza, na sheria ile yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa!

Hivi Kiingereza kikabaki sawa nyumba ya etaje. Juu kuna maneno yaliyotoka Kifaransa na Kilatini, ni maneno ya ofisi, ya shule na ya mahakama. Chini kuna maneno ya zamani ya wenyeji, mafupi, na mengi yanatembea na mkia: neno dogo linalofuata nyuma ya kitenzi na kugeuza maana yake. Juu unasema «tolerate», chini unasema «put up with». Juu «respect», chini «look up to». Juu «reconcile», chini «make up». Maana ni karibu moja, lakini watu wakiwa nyumbani, kazini na wenzao, ao wakigombana, wanashuka chini.

Waingereza wenyewe waliona ugumu huu zamani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliandika katika utangulizi kwamba vitenzi vya aina hii njo vinawapa wageni shida kubwa zaidi. Jina la kisasa la vitenzi vile, «phrasal verbs», lilienea kupitia kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925. Mimi hapa nitaviita tu vitenzi vyenye mkia.

Sasa angalieni vizuri: nyumba ile ya etaje sisi tunaijua. Kwetu Kifaransa kiko juu: auditoire, procès-verbal, barua ya kuomba kazi. Kiswahili kiko chini: sokoni, shambani, kwenye msiba. Mtu hawezi kumwambia jirani yake kwa Kifaransa cha ofisi kwamba amemkosea. Atamwambia kwa Kiswahili, ao kwa Kibangubangu, Kizimba, Kikusu. Tatizo letu na Kiingereza ni kwamba tuliingia kwa mlango wa juu, juu ya Kifaransa kilitufungulia. Na mambo ya watu kuishi pamoja yanasemwa chini.

Lakini Kiswahili chetu nacho kiko na mkia. Chukua «kupata». Ni kitenzi cha mkono: napata mihogo, napata pesa. Ongeza -ana: «kupatana». Sasa si mambo ya mkono tena, ni mambo ya watu wawili. Kiingereza kinafanya vile vile kabisa: «get» ni kupata, «get along» ni kupatana. Chukua «kukosa», pata «kukosana». Wao wanachukua «fall», kuanguka, wanasema «fall out». Chukua «kuchukua», pata «kuchukuliana», yaani kuvumiliana na uzito wa mwenzako. Wao wanasema «put up with». Na mtu akikutupa wakati wa shida unasema «ameniangusha». Mwingereza anasema «he let me down», ameniachilia chini. Tofauti ni kwamba mkia wao unasimama peke yake, wetu umeshonwa kwenye neno.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa Oktoba 1876, Henry Morton Stanley alifika Manyema na akakutana na Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule tunayemuita Tippu Tip. Stanley alitaka kuufuata mto Lualaba mpaka mwisho, na watu wake waliogopa msitu. Wakapatana. Stanley aliandika kwamba bei ilikuwa dola 5,000, na Tippu Tip amsindikize kwa mwendo wa vituo 60. Tarehe 5 Novemba wakatoka Nyangwe. Siku chache tu ndani ya msitu, Tippu Tip akataka kurudi nyuma. Kwa Kiingereza cha chini hiyo ni «back out», kutoka kinyumenyume katika mapatano. Wakaongea upya, wakaendelea, na mwisho wa Desemba wakaachana. Stanley akafika Boma Agosti 1877.

Hadithi haikuishia pale. Februari 1887, Zanzibar, wakapatana tena. Tippu Tip akawa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa jina la Leopold II na kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akaahidi pia wapagazi 600 kwa safari ya Stanley ya kwenda kumtafuta Emin Pasha. Kusudi wafikie pale, ilibidi kwanza yale ya zamani yawekwe pembeni: hiyo ni «make up».

Wapagazi walikuja zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na hawakutimia 600. Stanley akasema Tippu Tip amemuangusha. Tippu Tip kwa upande wake alisema baruti aliyoahidiwa haikuja. Julai 1888 Major Barttelot, mkubwa wa kundi la nyuma lililokuwa linawangoja wapagazi wale, alipigwa risasi na mtu wa Manyema akafa. Kisha Stanley akafungua kesi Zanzibar dhidi ya Tippu Tip, lakini kesi haikufika mwisho. «Fall out», mara hii kabisa.

Kila mmoja aliandika upande wake. Stanley aliandika kwa Kiingereza na vitabu vyake vilisomwa dunia nzima. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode alikitoa kitabu kile mwanzoni mwa karne ya 20. Mule Tippu Tip analalamika kwamba Stanley alimuahidi makubwa, na kilichofika ni picha ya Stanley mwenyewe. Ukisoma kitabu kimoja tu, unajua nani alimuangusha nani. Ukisoma vyote viwili, hauna uhakika tena.

Na tusisahau wa tatu. Waliopatana walikuwa wakubwa wawili. Wale wapagazi, na watu wa vijiji ambavyo misafara ilipita kutafuta pembe na watumwa, hawakuulizwa kama wanapatana na mtu. Sauti zao hazimo katika kitabu cha huyu wala cha yule. Mambo yao tunayasoma tu kupitia wale waliokuwa wanaamua kwa niaba yao.

Hapo njo ninaona sababu ya kweli ya kujifunza Kiingereza cha chini. Si juu ya kuonekana msomi. Leo tena wageni wanakuja na Kiingereza: watu wa misaada, wa madini, wa utafiti. Tangu mwaka 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mikutano mingi kule inaongea Kiingereza. Tuseme vikundi viwili vya wakulima wanagombania mpaka wa shamba, na mgeni anaandika kwamba «they fell out over land, but they are making up». Kama mkalimani wetu anaelewa tu kwamba watu wameanguka, na kwamba wanatengeneza kitu juu ya ardhi, kile kikao kinaenda wapi? Wazee wanajibu swali ambalo hawakuulizwa. Ripoti inaondoka, na miaka inapita kabla mtu ajue kwamba iliandika uongo juu yetu. Mwenye kusikia vizuri mule ndani anaweza kusema: hapana, hawajapatana bado, wameanza tu kusikilizana. Ni neno moja, lakini shamba la mtu liko ndani yake.

Ndugu zangu wanafunzi, shauri langu ni hili. Musijifunze vitenzi hivi kwa orodha ndefu ya alfabeti, mutachoka. Muanze na vile vyenu. Andika «kupatana, kukosana, kuachana, kuchukuliana, kusikilizana, kuangusha mtu», kisha tafuta Mwingereza anasemaje, na ukiweke kila kimoja ndani ya hadithi ya watu unaowajua. Hadithi ya Stanley na Tippu Tip peke yake inakupa vinne: get along, back out, make up, fall out.

Na mwenye kujua Kibangubangu, Kizimba, Kikusu ao Kibembe atuandikie: kwenu munasemaje watu wawili wakikosana, na munasemaje wakirudiana? Kuna mkia hapo ao hakuna? Wazee wanaojua maneno yale vizuri wangali nasi. Tuwaulize.