Mfagusi na mbao zake

mfagusi nm mi- [u-/i-] mti mkubwa wa nchi zenye majira ya baridi, wa jenasi *Fagus*, wenye gome laini la kijivu na majani yanayopukutika kila mwaka. fagusi nm mbao ya mti huo.

Mti
Mfagusi hauoti kwa asili Afrika Mashariki, ndiyo maana Kiswahili hakina jina lake la jadi. Ni wa familia moja na mwaloni. Spishi ya Ulaya, *Fagus sylvatica*, huweza kufikia kimo cha mita 40. Spishi nyingine humea Uturuki, Irani, Uchina, Japani na Amerika ya Kaskazini. Gome hubaki laini hata uzeeni. Kokwa zake ndogo zenye pembe tatu hukaa mbilimbili ndani ya kikombe chenye miiba miororo. Majani yake huzuia mwanga mwingi, hivyo chini ya msitu wa mifagusi huwa na kivuli kizito na mimea michache. Baadhi ya misitu ya kale ya aina hii iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2007, na tangu 2021 eneo hilo limeenea katika nchi 18.

Mbao
Mbao za mfagusi ni ngumu, za rangi ya kahawia hafifu yenye wekundu kidogo, na zina vidoa vifupi vyeusi kiasi. Zikikauka huwa na uzito wa takriban kilo 700 kwa kila mita ya ujazo. Hukerezwa vizuri na hupindika kwa mvuke; kiti nambari 14 cha Michael Thonet, cha mwaka 1859, kilisifika kwa ufundi huo. Hata hivyo, husinyaa sana zinapokauka, na huoza upesi zikiachwa nje kwenye unyevu.

Tahadhari ya matumizi
Wafasiri wengine hushawishika kutohoa jina la Kiingereza na kuandika *bichi*. Umbo hilo lina hatari mbili. Kwanza, katika mazungumzo *bichi* ni ufuo wa bahari. Pili, na zaidi, linagongana na kivumishi *-bichi*. *Gogo bichi* ni gogo ambalo halijakauka. *Gogo la bichi* lingekuwa la mti huu, na kinachotenganisha maana hizo ni *la* peke yake. Mti ukipewa kiambishi cha ngeli yake huwa *mbichi*, na tofauti hutoweka kabisa. Seremala anayesoma *mbao mbichi* atazianika kwanza, ingawa muuzaji alimaanisha mbao kavu, tayari kwa kazi.

Umbo *mfagusi*, linalopendekezwa hapa, linatokana na jina la kisayansi, kama *mkaratusi* unavyohusiana na *Eucalyptus*. Kwa kuwa halijazoeleka, jina la kisayansi liandikwe pia linapotajwa mara ya kwanza. Katika hadithi, mti huu usigeuzwe kuwa mvule au mninga: msomaji ataiona misitu ya Ujerumani kwa sura ya misitu ya kwao. Pale ambapo aina ya mti haina uzito, *mti mkubwa wenye gome laini* hutosha.

Mifano
- Sahihi: *Meza hii imeundwa kwa mbao za mfagusi zilizokaushwa.*
- Sahihi: *Walipita chini ya mifagusi, mahali jua lisipofika.*
- Si sahihi kwa maana hii: *Meza hii imeundwa kwa mbao mbichi.*

Majina ya pekee
Jina la Kijerumani la mti huu ni *Buche*, na katika lugha nyingi za Kislavi ni *buk*, ambalo ndilo asili ya jina la eneo la Bukovina. Neno *Buchenwald* lina maana ya msitu wa mifagusi, lakini ndilo jina la kambi ya mateso ya Wanazi karibu na Weimar, iliyokuwapo kuanzia 1937 hadi 1945. Jina hilo halitafsiriwi. Likitafsiriwa, msomaji ataona miti tu mahali ambapo mwandishi alitaja maafa ya watu.