Kompyuta ya mwanafunzi Kamalondo: batri mbele, mengine nyuma

Mwanafunzi wa Kamalondo anayeingia UNILU, ISP ama chuo kingine cha Lubumbashi anaambiwa mapema: tafuta mashini. Tangu mfumo wa LMD uingie katika vyuo vya Kongo, kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, saa za kazi binafsi za mwanafunzi zinahesabiwa pamoja na saa za darasani, na kazi hizo profesa anazitaka zimeandikwa kwa kompyuta. Feza ya kuinunua inatoka kwa mama aliyepokea likelemba, ama kwa yaya anayefanya kazi Kolwezi. Haitatoka mara ya pili. Kwa hiyo mashini hiyo moja lazima ifike mwisho wa lisansi, miaka 3.

Ukiingia dukani, muuzaji anaanza na prosesa: hii ni i7, hii ni i5. Kwa mwanafunzi wa sheria, wa uchumi ama wa historia, anayeandika kazi, anayesoma PDF na kupiga hesabu katika Excel, swali la kwanza ni lingine: kuran ikikatika, mashini itakaa saa ngapi?

Kila mutu wa Lubumbashi anajua delestaje. Laini ya Inga-Kolwezi ina urefu wa kilomita karibu 1,700 na inaleta umeme hadi Katanga, lakini migodi nayo inautaka, na mitaa inapokezana giza. Ndiyo maana hesabu ya batri ni muhimu. Nguvu ya batri inaandikwa kwa Wh. Batri ya Wh 50, kwa mashini inayokula wati 10 wakati wa kuandika, inatoa saa 5. Batri hiyo hiyo ikichoka mpaka kubaki na nusu, ni saa 2 na nusu, na pengine chini ya hapo. Mashini kubwa ya michezo, yenye kadi nene ya picha, inaweza kumaliza batri yake mbele ya saa 2. Chaja yake ya wati 150 na zaidi inasumbua pia wale wanaotegemea paneli ndogo ya jua nyumbani. Chaja ya wati 45 ama 65 inaelewana vizuri na inverta ya kawaida.

Hapo ndipo okazyo inashindana na mpya. Chukua familia yenye dola 250. Kwa feza hiyo, mpya mara nyingi ni mashini nyepesi yenye prosesa ya Celeron, memori ya GB 4 na nafasi ya eMMC ya GB 64. Ndani ya katoni inapendeza sana. Lakini Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na baada ya mwaka mmoja mwanafunzi anafuta kozi zake ili apate mahali pa kuweka kozi nyingine. Okazyo ya maofisi, kama Dell Latitude, Lenovo ThinkPad ama HP EliteBook, inaweza kupatikana na memori ya GB 8 na SSD ya GB 256. Zilitengenezwa kwa kufunguliwa na kurekebishwa: betri, memori na diski, kwa nyingi kati ya hizo, fundi anaweza kubadilisha. Kwa matumizi ya kawaida okazyo nzuri inaishinda mpya ya bei rahisi, na si kidogo.

Ila okazyo iko na mitego, na wa kwanza ni umri. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Kizazi kinasomeka katika namba: i5-8250U ni cha 8, i5-6300U ni cha 6, i5-10210U ni cha 10. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 4 isimdanganye mutu kwa jina lake. I5 ya kizazi cha 8 ni bora kwake. Mwenye mashini ya zamani tayari hana haja ya kuitupa: Linux Mint na LibreOffice ni za bure na zinafanya kazi vizuri hapo.

Mtego wa pili ni diski. Ile ya zamani inayozunguka inaogopa kutikiswa, na mashini ya mwanafunzi inasafiri kila siku ndani ya taksibasi. SSD haina kitu kinachozunguka, na inawasha mashini haraka. Wa tatu ni mashini ya kampuni ambayo haikuachiliwa: ukiirudisha kama ilivyotoka kiwandani na kuiunganisha na intaneti, inaomba anwani ya imeili ya kampuni fulani ya mbali. Basi, mnunuzi aombe iandaliwe upya mbele ya macho yake, intaneti ikiwa imewashwa, tena kwa mega za muuzaji.

Batri nayo inapimwa palepale. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows inatengeneza ripoti yenye namba mbili: nguvu ya batri ilipotoka kiwandani, na nguvu inayoshika leo. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, bei ya batri nyingine ihesabiwe kabla ya kulipa. Kisha mashini ichomolewe, ifanye kazi nusu saa bila chaja. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kujibu.

Klavye: masomo ni kwa Kifaransa, na mashini za Dubai ama Uingereza zinakuja na QWERTY. Windows inabadilishwa kuwa AZERTY kwa dakika moja, vibandiko vya herufi vinamalizia. Hiyo si sababu ya kuacha mashini nzuri.

Wanafunzi wa polytechnique na jiolojia wako na hesabu yao: AutoCAD na programu za ramani zinataka memori ya GB 16, na afadhali waulize idara yao kwanza.

Nyumbani, kuran ikikatika, chaja itolewe ukutani, kwa sababu umeme unaporudi unaweza kuja na nguvu ya kuunguza. TFC ibaki pia kwenye klé ya USB iliyowekwa mbali na mashini, na ile klé ya kwenda nayo kwenye nyumba ya fotokopi iwe nyingine, maana hapo ndipo virusi vinapanda.

Karatasi ya garanti iandikwe siku ya kulipa, na namba ya seri ya mashini, ile iliyo chini yake, iandikwe humo. Garanti ya mdomo, "ikiharibika unarudisha tu", haina tarehe.