Mstari Mwekundu na Klipu Yenye Macho: Historia ya Msaidizi wa Kompyuta Ofisini

Waliofungua Microsoft Office 97 kwa mara ya kwanza walikutana na klipu ya karatasi yenye macho makubwa, ikiwatazama kutoka pembeni mwa skrini. Mtu alipoanza kuandika salamu ya barua kwa Kiingereza, klipu ilijitokeza: naona unaandika barua, nikusaidie? Ukiikatalia leo, kesho inarudi na swali lilelile.

Ndani ya programu hiyohiyo kulikuwa na msaidizi wa pili, asiyesema chochote. Huyo alikuwa mstari mwekundu wa mawimbi chini ya neno lililokosewa. Klipu ilichukiwa hadi ikaondolewa, ilhali mstari tunafanya nao kazi mpaka leo. Sababu ya tofauti hiyo inatuhusu sana wakati huu ambapo akili mnemba inaingizwa kwa kasi katika barua pepe, majedwali na mafaili ya ofisi, mbele ya wafanyakazi wengi wasioiamini.

Wengi hawajui kwamba mstari mwekundu nao ni mtoto wa akili mnemba. Mwaka 1971, katika maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Ralph Gorin aliandika programu ya kukagua tahajia na kupendekeza neno sahihi. Kabla yake Les Earnest alikuwa ametumia orodha ya maneno 10,000 kuisaidia kompyuta kusoma mwandiko wa mkono. Kwa miaka mingi ukaguzi ulibaki kazi ya mwisho: unamaliza kuandika, unatoa amri, kisha kompyuta inakusimamisha kwenye neno moja baada ya jingine.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Word 95. Ukaguzi ulianza kufanyika kimyakimya mtu akiendelea kuandika. Kosa liliwekewa alama pale pale lilipo, na mwandishi akaachiwa uamuzi wa kulirekebisha sasa, baadaye, au asilirekebishe kabisa. Kulipuuza hakukumgharimu hata kubofya mara moja.

Klipu ilizaliwa kwa wazo tofauti. Clifford Nass na Byron Reeves, maprofesa wa Stanford, walikuwa wameonyesha kuwa watu huitendea kompyuta kwa desturi zilezile wanazozitumia kwa binadamu wenzao. Microsoft ikaona basi ni vyema kompyuta ipewe uso. Jaribio la kwanza, Microsoft Bob ya mwaka 1995, halikudumu sokoni. Klipu, iliyochorwa na Kevan Atteberry, ikafuata. Lakini utafiti ule ulikuwa na upande wa pili: ukimpa msaidizi uso, watu watampima kwa adabu ya watu. Anayekatiza kazi ya mwenzake, asiyekumbuka kwamba jana alikataliwa, huitwa msumbufu, hata awe na nia njema kiasi gani.

Inasikitisha kwamba ndani ya Microsoft yenyewe kulikuwa na watafiti waliolifahamu hilo. Eric Horvitz na wenzake waliendesha mradi wa Lumière, uliotumia hesabu za uwezekano kukisia mtumiaji anataka nini na kama kweli anahitaji msaada. Lakini toleo la klipu lililofika kwa wateja liliacha nje kumbukumbu ya kudumu ya ujuzi wa kila mtumiaji. Kwa hiyo mhasibu aliyebobea na mwanafunzi wa siku ya kwanza waliulizwa maswali yaleyale. Mwaka 2001, Office XP ilipotoka, klipu ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, na Office 2007 ikaiondoa kabisa.

Mwaka 1999 Horvitz alichapisha makala ambayo kila mbunifu wa zana za kazi angepaswa kuisoma. Hoja yake ni kwamba kabla ya kujitokeza, programu ipime faida ya kusaidia dhidi ya hasara ya kusumbua, na hasara ikizidi ikae kimya. Mfano wake ulikuwa LookOut, programu iliyosoma barua pepe na kupendekeza miadi ya kuweka kwenye kalenda. Ilikadiria muda wa kusubiri kulingana na urefu wa barua, ili mtu asikatizwe kabla hajamaliza kusoma.

Ilichukua karibu miaka 20 wazo hilo kuwafikia watu wengi. Mwaka 2018 Gmail ilianza kukamilisha sentensi kwa maandishi ya kijivu mbele ya kishale. Ukikubali unabonyeza kitufe cha Tab; usipotaka unaendelea kuandika na kijivu kinatoweka. Mwaka huohuo Google iliondoa viwakilishi vya jinsia katika mapendekezo hayo, baada ya programu kudhani kwamba mwekezaji lazima awe mwanamume. Walichagua inyamaze kuliko ikosee. GitHub Copilot ikafuata mtindo huo wa kijivu kwa waandishi wa programu mwaka 2021.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna ushahidi wetu. Kompyuta zilizojua Kiingereza pekee zilijaza kurasa zetu mistari myekundu, kana kwamba kila neno ni kosa. Iliudhi, lakini barua ilitoka kama tulivyoiandika. Simu zilizobadilisha maneno zenyewe zilitudhuru zaidi, kwa sababu ujumbe ulifika ukiwa na neno la Kiingereza ambalo mwandishi hakulikusudia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Mashine isiyoijua lugha yako ina haki ya kuonyesha shaka yake. Haina haki ya kukuandikia.

Hata hivyo, somo hili husahaulika upesi. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, inayopiga picha za skrini mfululizo ili mtu aweze kutafuta alichowahi kukiona. Wataalamu wa usalama walipinga vikali. Mwezi uliofuata kampuni ikaahirisha uzinduzi na kuahidi kwamba Recall haitawashwa mpaka mtumiaji aiwashe mwenyewe.

Ofisi nyingi leo huwachukulia wafanyakazi wenye shaka kama watu walioachwa nyuma, wanaohitaji semina nyingine. Historia inawatetea. Waliokataa klipu hawakuogopa teknolojia, maana siku hiyohiyo walikuwa wakitumia mstari mwekundu bila kinyongo. Walikataa kukatizwa, kukisiwa vibaya na kunyimwa uamuzi juu ya kazi wanayoijua, kazi ambayo wao ndio watakaoulizwa ikiharibika.

Kwa hiyo, anayenunua au kubuni zana hizi aanze na maswali ya mkaidi zaidi katika chumba. Je, naweza kuipuuza bila kupoteza muda? Nikiikatalia, itakumbuka? Inabadilisha kazi yangu, au inapendekeza tu? Inajua lugha ninayofanyia kazi? Kitufe cha kuizima kiko wapi? Zana isiyoweza kuyajibu maswali hayo haijawa tayari kuingia ofisini, na mfanyakazi anayeikataa anaifanya kazi yake vizuri.