Beit al-Ajaib: Jumba Lililosalimika Mizinga

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa miaka mingi wageni wa Mji Mkongwe wa Unguja wamesimama mbele ya Beit al-Ajaib, wakautazama mlango wake wa nakshi na mizinga ya Kireno, kisha wakaenda zao Ngome Kongwe au Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873. Ilhali mengi ya historia ya mji huo yamo ndani ya kuta za jumba lenyewe.

Sayyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 liwe kasri la sherehe. Nguzo za chuma zilikutana na mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ufundi wa ng'ambo ukaegemea ule wa pwani. Taa za umeme na lifti zilipotiwa, watu walistaajabu, na jina la maajabu likalishika.

Tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka kasrini, manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, lililokuwa jirani, likavunjika. Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Mwaka uliofuata likapachikwa mnara wa saa. Baadaye Waingereza wakalifanya ofisi za serikali, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mikononi mwa chama cha Afro-Shirazi.

Hivyo kila utawala ulilitumia jumba kujitukuza. Mabadiliko ya kweli yalikuja lilipogeuzwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Ukumbini, mahali pa sherehe za wafalme, pakawekwa mtepe uliojengwa mwaka 2003: mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, bila ya msumari. Baharia na fundi wa chombo, ambao zamani wasingepita mlango ule ila kwa kutumwa, wakapewa heshima ya katikati ya nyumba.

Heshima hiyo haikudumu. Sehemu ya jengo iliporomoka mwaka 2012, na milango ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa gharama haikuwa ukuta peke yake. Kilichoshindwa na manowari kilitimizwa na unyevu, chumvi ya bahari na miaka ya kuahirisha. Masimulizi ya mji huwataja masultani na maadmirali; mara chache huwataja waliochoma chokaa, waliopandisha boriti, na wale wawili waliofia kazini. Jumba likisimama tena kwa mawe mapya bila ya kuwakumbuka, litakuwa limerudishiwa mlango tu. Nyumba itakuwa bado haijafunguliwa.