SOMO LA HISTORIA: MBIU MLANGONI MWA KOMPYUTA

Ninyi mlio darasani Likombe, na ninyi mlio mwambaoni mpaka mlango wa Ruvuma, kaeni vizuri. Leo twasoma habari za matangazo yanayojileta yenyewe mtu anapoingia katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini fikirini: mpiga mbiu angalipiga pembe kila mara uvukapo kizingiti cha nyumba yako, je, ungalimsikiliza?

Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa na ghali mno. Serikali yetu ilipata ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini; baadaye marufuku hiyo ikaondolewa. Huko Marekani nako, kwa sababu ya ughali huo, watu walitafuta njia ya kushirikiana. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mashine moja iliyowatumikia watu kadhaa kwa wakati mmoja. Kila mtu akawa na neno lake la siri, na kila aliyeingia alipokewa na tangazo la siku.

Sasa sikilizeni kisa. Mwaka 1966 wasimamizi wawili wa mashine hiyo walikuwa wakifanya kazi pamoja, mmoja akirekebisha tangazo, mwingine orodha ya maneno ya siri. Mashine ikayachanganya mafaili yao. Basi kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya watu wote! Ikawa lazima maneno yote yabadilishwe. Hivyo tangazo si jambo la mchezo.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianza kutengeneza Unix. Humo pia tangazo la siku likapewa mahali pake, faili liitwalo /etc/motd. Tena mwenzako aliweza kukuandikia maneno yakatokea ghafula katikati ya kazi yako. Kwa hiyo tangu mwaka 1971 ilikuwapo amri ya kufunga mlango: mesg n. Ukitaka kuufungua, waandika mesg y.

Na tangazo je? Katika Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilipatikana dawa nyepesi. Waweka faili tupu katika sehemu yako mwenyewe ya mashine, jina lake .hushlogin, likianza kwa nukta. Uingiapo, mashine huliona, nayo hunyamaza. Dawa hiyo hutumika hata leo katika mashine nyingi za jamii hiyo.

Ndugu msomaji, angalia vema. Umeziba masikio yako tu. Wenzako bado wasoma. Usijaribu kulifuta tangazo la wote, kwani hilo ni la msimamizi. Wala usijisahau: akitangaza humo kwamba kesho mashine itasimamishwa, wewe hutaona, na kazi yako yaweza kupotea. Kwa hiyo jizoeze kulisoma mwenyewe mara kwa mara, kwa amri cat /etc/motd.

Jambo hili halijaisha. Mwaka 2017 Ubuntu, iliyopewa jina la neno la kusini mwa Afrika lenye maana ya utu, ilianza kuleta habari kutoka intaneti wakati mtu anapoingia. Wengine walinung'unika kwamba ni biashara. Msimamizi aweza kuzizima kwa kuandika ENABLED=0 katika faili /etc/default/motd-news.

Mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake. Lakini afungaye asisahau kuchungulia dirishani.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini watu walishirikiana mashine moja?
2. Mwaka 1966 kosa lilitokea wapi?
3. Taja tangazo moja la mtaani kwenu ambalo usingependa likupite.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.