Jinsi ya Kuendesha Seva ya Ofisi Ukiwa Keja Bila Kuachia Wezi Mlango Wazi

Seva iko ofisini tao, wewe uko keja, na bosi anataka mfanyakazi mpya aongezwe kwa mfumo saa hii. Tulia msee. Hiyo programu yenye batani na madirisha unaweza kuifungua kwa laptopu yako. Cheki njia tatu.

1. X11 kupitia SSH
Hii ni ya Linux. Mfumo wa X ulianzia MIT, Marekani, mwaka wa 1984, ukiundwa ili programu ikae mashini moja na picha itokee kwa nyingine. Kwa seva, fungua /etc/ssh/sshd_config, weka "X11Forwarding yes", hakikisha xauth iko, kisha uwashe SSH upya. Ukiwa keja andika:

ssh -X jina@seva

Ukishaingia, andika jina la programu na dirisha litatokea kwako. Wa Windows aweke VcXsrv kwanza, wa Mac aweke XQuartz. Lakini usijaribu hii na seva usiyoiamini, maana anayeidhibiti anaweza kusoma unachochapa kwa kibodi yako.

2. VNC
Hii inakuletea deskitopu nzima. Uzuri wake ni kwamba bandozi zikiisha katikati, kazi yako inabaki kwa seva ikikungoja. X11 ikikatika, programu inakufa nayo.

3. RDP
Ni ya Windows, na inavumilia intaneti ya kobe kuliko X11.

Noma iko wapi?
RDP husikiliza poti 3389, VNC huanzia 5900. Ukiziacha wazi kwa intaneti, wadukuzi watakuja kujaribu nenosiri moja baada ya lingine. Wakiingia, wanafunga mafaili yote na kudai doh. Mwaka wa 2019 RDP ilipatikana na shimo liitwalo BlueKeep, ambalo halikuhitaji hata nenosiri.

Dawa ni kupitisha kila kitu ndani ya SSH ama VPN. Kwa VNC, iache isikilize localhost pekee, kisha andika:

ssh -L 5901:localhost:5901 jina@seva

Elekeza VNC yako kwa localhost:5901, na uko fiti.

Kabla ulale leo, cheki kama 3389 ya ofisi yenu iko wazi. Kama iko, ifunge kwanza, mengine baadaye.