Jadotville 1961: Kubeba mzigo si kuwa na hatia

Wandugu, wengi wetu tunaosoma Kingereza hapa Likasi tunakwama kwenye maneno mawili: "responsible" na "guilty". Tunayatumia kama mapacha, na sababu iko kwenye mazungumzo yetu ya kila siku. Shuleni wanauliza: "Responsable wa huyu mtoto ni nani?" Hapo wanataka mzazi ao mlezi. Kioo kikivunjika tunauliza vilevile: "Responsable ni nani?" Hapo sasa tunatafuta mkosaji. Neno moja, kazi mbili. Kingereza nacho kinaruhusu "responsible" kufanya kazi zote mbili. Lakini "guilty" inamshika mtu mmoja tu: yule aliyetenda kosa.

Historia ya mji wetu inaeleza tofauti hii vizuri kupita kamusi.

Mwaka 1961 Likasi iliitwa Jadotville, na Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Mwanzoni mwa Septemba ONU ilileta hapa kompani moja ya askari wa Ayalandi, watu wapatao 155, ili walinde wakaaji wazungu. Kumbe wengi wa wakaaji hao hawakuwataka kabisa! Kamanda wao, Pat Quinlan, aliona hatari mapema, akaamuru mahandaki yachimbwe. Tarehe 13 Septemba ONU ilianza operesheni yake kule Élisabethville, na asubuhi hiyohiyo jandarma wa Katanga pamoja na mamluki wakawashambulia wale askari wakiwa kwenye misa. Vita ilichukua siku tano. Kikosi cha kuwaokoa kilizuiliwa kwenye daraja la Lufira. Maji yakaisha, risasi nazo zikaisha. Tarehe 17 wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa.

Sasa tupime yale maneno. Quinlan alikuwa "responsible"? Ndiyo, tena sana. Roho zote zile zilikuwa mikononi mwake, na uamuzi wa kuweka silaha chini ulikuwa wake. Alikuwa "guilty"? Ya kosa gani? Lakini kwao nyumbani askari wake walichekwa kama waoga kwa miaka mingi, naye akafariki mwaka 1997 jina lake likiwa bado halijasafishwa. Uchunguzi rasmi ulimsafisha mwaka 2004, na mwaka 2016 kompani nzima ikapewa heshima. Wale wakubwa waliowatuma mbali na silaha nyepesi hawakuitwa waoga. Lawama iliwapita, ikamwangukia aliyebeba mzigo.

Kiswahili kinajua jambo hili. Jukumu mtu hupewa, akalibeba. Hatia mtu hupatikana nayo, baada ya kuulizwa: ulifanya nini? Tukichanganya hayo mawili, tunaona matokeo yake hata maofisini mwetu: hakuna anayetaka kusinye karatasi, juu anajua kwamba siku mambo yakiharibika, sinye yake itageuka hatia. Na mkosaji wa kweli anajificha nyuma ya yule aliyesinye.

Kuna upande mwingine pia, na huo unatugusa sisi. Vita ile iliua jandarma wa Katanga, vijana wa hapa. Waayalandi wana jiwe la ukumbusho na filamu. Wetu majina yao yako wapi? Sisi wa promosheni za leo hatukuwa tumezaliwa mwaka 1961. Hakuna anayeweza kutupata na hatia ya vita ile, wala ya ukimya uliofuata. Lakini tumesoma, tunajua kuandika, na wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wako katika mitaa yetu. Kwenda kuwauliza na kuandika wanayokumbuka ni jukumu letu. Si lazima mtu awe na kosa ndipo awe na kazi ya kufanya.